Tumeshamzika, na Leo Nimempelekea Ugali

Mhariri, ukichapisha haya, ondoa chochote kinachoweza kunitambulisha, kisha barua yenyewe uichome. Nanyi wasomaji, kama mko Kisumu na mkahisi mnanijua, tafadhali msiniulize njiani wala msimwambie mtu. Kuna mama mmoja ng'ambo ya ghuba ambaye habari hizi zikimfikia vibaya zinaweza kumuua.

Nina miaka ishirini na mitatu, sijaoa, na ni karani wa tiketi katika uwanja wa mabembea ulio karibu na ziwa. Tuna gurudumu kubwa linalopandisha watu hadi waone maji yote na vilima vya upande wa pili. Zamani mabasi ya shule yalitoka Kericho na Kakamega, na Jumapili matajiri wa Milimani walipanga foleni moja na watu wa kawaida wa Kondele. Kisha kipindupindu kikaingia. Mikutano ikapigwa marufuku, hata matanga. Askari wakaweka kizuizi Sondu, wasafiri wa kutoka ziwani wakawa wanarudishwa. Mwenye uwanja akafunga lango na kutuambia tungoje. Wengi walienda makwao. Tuliobaki tulilala chini ya maturubai ya mashine.

Kati yetu alikuwamo rafiki yangu, mwendeshaji wa gurudumu, nitamwita Owino, na kijana mmoja wa Musoma aliyepaka mashine grisi, nitamwita Musa. Asubuhi moja Musa alianza kutapika na kuharisha. Jua lilikuwa kali lakini yeye alitetemeka kwa baridi, kwa hiyo Owino akavua koti lake jekundu la kazi, lenye jina kifuani kama yetu sote, akamvisha. Kabla ya jioni Owino naye alikuwa chini. Koti la Musa lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Mimi mwenyewe nililianua nikamvika Owino. Wakabebwa kwa mkokoteni hadi kwenye mahema ya wagonjwa, na mimi nikazuiwa.

Siku chache baadaye muuguzi alinijia akasema Owino amefariki, na kwamba wameshamzika wao wenyewe kwa chokaa, bila ndugu. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema jina lilikuwa kifuani. Nami, niliyesoma na kufaulu, sikukumbuka makoti.

Mwenye uwanja alinituma nipeleke habari kwao, ng'ambo ya ghuba, kwa mtumbwi. Mama yake hakulia mara moja. Aliuliza mwili uko wapi. Aliposikia kwamba hautatolewa, wazee wakaenda kutafuta tunda la yago, lile refu na zito ambalo Wajaluo huzika pale mwili unapokosekana. Wakalivisha shati lake, wakalilaza kaburini kando ya nyumba yake. Upande mmoja niliushika mimi.

Nilipokuwa naondoka, mkewe alinifuata hadi kwenye ua.

"Shemeji, uliuona uso wake?"

Nikamjibu kwamba niliambiwa na muuguzi.

"Sikuulizi uliambiwa nini."

Niliondoka.

Wiki iliyofuata, mchana, wenzetu wakiwa wameshaukimbia ugonjwa, nilimkuta Owino amekaa kwenye kiti cha chini cha gurudumu, amekonda, bado amevaa koti la Musa. Kule kwenye mahema walikuwa wakimwita Musa, na alikuwa mnyonge mno kubishana.

"Omera, ndugu yangu, mbona unaniangalia hivyo? Kuna ugali?"

Nilipomweleza alicheka kwanza. Akauliza nani alikula sana kwenye matanga yake. Nikasema matanga yamekatazwa, hakuna aliyekula. "Hata kufa kwangu kumekuwa kwa njaa," akasema. Nilipofika kwenye habari ya yago, akaacha kucheka.

"Mtu aliyezikwa hapiti tena lango la mama yake," akaniambia. "Nikienda nitampeleka mama kaburini, au mtoto wangu. Mwache Owino alale. Kizuizi kikiondolewa mashine zitahamia Kericho, nami nitaenda nazo nikiwa Musa; mwenye uwanja hutujua kwa makoti tu. Apa kwamba hutasema."

Nikaapa. Tangu hapo namletea chakula. Kila siku yeye hupanda vyuma vya gurudumu lililosimama hadi kiti cha juu kabisa, anatazama ng'ambo.

Sasa nimepata ujumbe kutoka kwao. Kabla ya mwezi huu kwisha, binamu yake ataingia katika nyumba ile kumrithi mjane. Mjane mwenyewe amekataa hadi mimi niende nikamwambie tena, mbele ya wazee, kwamba mumewe amekufa. Nilimwambia Owino. Akasema ni sawa, binamu ni mtu mzuri. Ugali wa siku hiyo hakuugusa.

Nikisema, nitakuwa nimevunja kiapo, na mtoto akiumwa hata homa watasema ni mimi niliyemfufua maiti. Nikinyamaza, au nikienda kusema uongo mbele ya wazee, mke wa mtu aliye hai atarithiwa. Na Musoma kuna watu wanaomtazamia Musa kila meli inapotia nanga. Yeye hajazikiwa hata tunda. Wasomaji wenye umri na hekima, niambieni, nianze kubisha hodi katika mlango upi?

Majibu yaje kupitia ukurasa huu tu, yaanze na maneno "Kwa karani wa ziwani". Msitume chochote uwanjani, kwa sababu mwenye uwanja hufungua barua zetu zote. Nitalinunua gazeti Kondele kila litakapotoka, nilisomee chini ya gurudumu. Owino hajui kusoma. Atakuwa juu kule, na akiniona na gazeti ataniuliza, kama anavyoniuliza kila mara, kama kuna habari zozote za nyumbani.