Mwaliko wa Mwenye Mashua Wafika Nchi Kavu

“Bando langu limeliwa na Wakirigizi,” anasema Hajjati Tahani kutoka ghorofa ya juu, mikono kiunoni, sauti ikishuka ngazi mpaka barabarani. “Mwezi haujafika katikati, Ami Rifaat. Jana tamthilia imekwama bwana harusi kafungua mdomo. Mpaka sasa sijui kakubali au kakataa.”

Chini yake, Rifaat Abu Samra amesimama mlangoni na fulana, mkono mmoja umejaa unga wa kukaangia samaki. Anamjibu kwa upole kwamba bwana harusi alikataa. Karima, mkewe, alimwona kwa jirani. Badala ya kumtuliza, jibu hilo linamwongezea Hajjati hasira.

Ni Ijumaa asubuhi katika Mtaa wa Waarabu, Port Said. Milango ya jengo zima imefunguka nusu, na watu wanafagia mahali ambapo tayari ni pasafi. Ugomvi wenyewe wanaujua. Mtandao ni wa Hajjati, Rifaat anachangia, na bando likiisha kabla ya siku zake mshitakiwa ni yule yule. Jipya la leo ni kwamba Hajjati amenunua bando jingine na kubadilisha neno la siri.

“Nipe leo tu, Hajjati,” anasema Rifaat. “Wageni wako njiani na simu yangu bubu. Wakinipotelea mjini nitaficha wapi uso?”

“Walizoea kukuona kwenye kioo cha simu. Wakuone hukohuko kwenye kioo,” anajibu Hajjati, na mlango wa juu unafungwa.

Rifaat ana miaka sitini na moja na ni bambuti, mmoja wa wale wachuuzi wanaozifuata meli kwa mashua pale zinapoingia mferejini, wakawauzia mabaharia ngamia wa ngozi, mashati na vinyago. Baba yake alikuwa bambuti, na babu yake vilevile. Kiingereza chake hakikutoka darasani. Alikiokota kwenye ngazi za kamba, akibishana na mabaharia wa kila taifa huku mashua ikimchezea miguuni.

Kazi hiyo imenyauka. Meli hazikawii, na baharia wa leo ananunua vitu vyake kwenye simu. Ziko wiki Rifaat anarudi na ngamia walewale alioondoka nao.

“Tumeshawapa majina,” anasema Karima, akionyesha msafara uliopangwa mstari juu ya kabati. “Huyu mkubwa ametuzeekea humu ndani. Nikimpangusa vumbi namsalimia.”

Ilikuwa katika ukame huo ndipo binti yao, Nermin, alipomwonyesha tangazo la chama kinachotafuta watu wa kuongea Kiingereza na wanafunzi wa nchi nyingine kwa video, bila malipo. Walimuuliza cheti chake kiko wapi. Akawaambia kimezama. Walicheka, wakampa kundi la vijana wa Naryn, mji wa milimani huko Kirigizistani, watoto wenye sarufi yote kichwani ambao wakiambiwa waseme huganda kama wamemwagiwa maji.

“Sarufi wamenizidi,” anasema Rifaat. “Mimi nina mdomo. Nikawaambia haya, acheni vitabu, niuzieni kitu. Niuzieni hata soksi mliyovaa.”

Basi wakauza soksi, kofia, paka wa bibi. Wakajifunza kubembeleza, kuguna, kujifanya wanaondoka. Siku mkaguzi alipofika shuleni kwao na kumuuliza kijana mmoja jina, kijana alijibu kwa Kiingereza cha bandarini: rafiki yangu, kwa sababu ni wewe, naitwa Nurlan. Chama kikamwandikia Ami Rifaat kumwomba apunguze soko kidogo. Akapunguza, kidogo.

Hajjati naye alikuwa sehemu ya somo bila kujua. Kila alasiri vijana wakiwa kwenye kioo, yeye juu anapigapiga mazulia na kugombana na wauza vitunguu barabarani. Vijana waliuliza sauti ile ni ya nani. Neno “jirani” walilijua kupitia yeye. “Siku asipopiga kelele,” anasema Rifaat, “wananiuliza kama mgonjwa.”

Kosa lililoleta kizaazaa cha leo ni dogo, na kila mtu wa mji huu angelifanya. Akimaliza somo, Rifaat huaga kwa adabu ya kwao: karibuni kwetu mle. Port Said maneno hayo yana jina, mwaliko wa mwenye mashua. Yeye yuko majini, wewe uko ufukweni, anakuita chakula cha mchana, unamwambia Mungu akubariki nimeshiba, naye anapiga kasia zake. Hakuna aliyewahi kusubiri sahani.

Lakini Ayperi si mtu wa Port Said. Ana miaka kumi na sita, na miezi ya mwanzo alikuwa akikaa kwenye kona ya kioo bila kutoa neno. Kwao, mtu akikukaribisha chakula humrudishi mkono. Hata kama umeshiba mpaka kooni, unamega mkate wake, unaonja, ndipo unaaga. Aliyeukataa mkate amemkataa mwenyeji.

Kwa hiyo baba yake alipofunga safari kwenda Kairo kumwona kaka mtu anayesoma huko, Ayperi aliomba afuatane naye. Jana ikaingia sauti kwenye simu ya Rifaat, nyembamba lakini bila kusita: mwalimu, tumekubali, kesho tunakuja kula.

Rifaat alimsikilizisha mkewe na kumfasiria. “Aliweka kisu chini,” anakumbuka. “Karima akiweka kisu chini, ujue umekwisha.”

“Leo umefika nchi kavu, mwenye mashua,” Karima alimwambia. Kisha akajitanda mtandio akaenda mwenyewe sokoni, kwa sababu hamwamini mumewe kutazama macho ya samaki. Jioni alikuwa akiimba jikoni.

“Maisha yake yote huyu anakaribisha watu,” anasema sasa, akigeuza wali wa samaki uliokolea vitunguu. “Nilikuwa nangoja siku atakapokuja hata mmoja.”

Nyumba imejaa. Viti vimeshuka kutoka ghorofa tatu, Mama Wahid wa ng’ambo ya barabara ameleta achari, na Nermin anapanga tahini na mikate mezani huku akimzuia baba yake asionje. Kitu kimoja tu hakipo: habari za wageni. Kaka mtu ana mtihani, hakuweza kuwasindikiza. Baba hajui Kiarabu wala Kiingereza. Safari yote iko mdomoni mwa binti ambaye juzijuzi tu alikuwa haongei, na mwalimu wake hana njia ya kumuuliza amefika wapi.

Sala ya Ijumaa inamalizika. Rifaat anakwenda barazani, anarudi, anakwenda tena. Anasema pengine wamepotea. Anasema pengine wamepanda basi la Ismailia.

Halafu barabarani, chini ya baraza, sauti nyembamba inapanda. Inabishana na dereva wa teksi kwa Kiingereza: rafiki yangu, kwa sababu ni mimi, bei ya asubuhi, ya mteja wa kwanza. Dereva haelewi neno, anacheka tu.

“Huyo wangu,” anasema Rifaat, na anaruka ngazi na fulana yake na unga wake.

Wanapanda naye: Ayperi, mashavu mekundu, na baba yake, Bakyt, kichwani kofia ndefu nyeupe ya manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa. Amemletea mwenyeji kofia kama hiyo, na mkate wa mviringo kutoka Naryn umefungwa kitambaani. Dakika chache tu na chumba kizima kinasema kwa wakati mmoja. Bakyt anamwambia bintiye, bintiye anamwambia Rifaat, Rifaat anamwambia Karima, na Karima anajibu kwa kuongeza samaki.

Kisha Bakyt anaomba neno. Binti yake, anasema, alikuwa hasemi na mgeni hata kwa lugha yao wenyewe, na leo kutoka Kairo hadi hapa ni yeye aliyemshika baba mkono. Rifaat, kofia nyeupe imemfika nyusi, anafuta macho na kusingizia vitunguu.

Kuhusu mbele, mipango anayo tele. Anataka laini yake mwenyewe ya mtandao, amani irudi ngazini. Na anataka kuifunga simu kwenye mlingoti wa mashua ili vijana waongee na mabaharia wenyewe. “Dunia nzima inapita hapa mlangoni kwangu,” anasema. “Kwa nini waongee na mimi peke yangu?”

Ndipo kikohozi kinasikika ngazini, kile cha mtu anayetaka asikike. Ayperi yuko karibu na mlango, anaufungua.

Hajjati Tahani amesimama hapo na gauni la kutokea, akisema juu ya kichwa cha msichana kwamba hakuja kukaa. Ameleta neno jipya la siri, na ni la leo tu, mama wa mtoto huko kwao apigiwe ajue wamefika. “Ni jina la marehemu mume wangu,” anasema, “na usilitangaze,” kwa sauti ambayo jengo zima limeisikia.

Ayperi ameshika shavu. Sauti hii anaijua. “Hajjati wa juu,” anasema, na kumwambia baba yake kwa lugha yao, na Bakyt anasimama kwa heshima kama ameingia mtu mashuhuri.

Hajjati anashusha macho, anarekebisha mtandio. Amekwisha kula, anasema. Mungu awabariki, ameshiba. Mara nyingine, wallahi.

Wenyeji wote mezani wanajua kwamba jibu hilo hupokewa kwa kumwacha mtu aende zake. Rifaat anafungua mdomo kulifasiri, kisha anaufunga.

Ayperi anamega mkate wa Naryn, anamnyooshea kipande hadi kizingitini, na kwa Kiingereza chenye mawimbi yote ya bandari ya mwalimu wake anasema, “Karibu kwetu, Hajjati. Ingia ule.”