Ndege wa Alfajiri na Saa ya Kidonge

Nakumbuka siku moja nilishtushwa usingizini na kelele za mama mkwe wangu. Jua limeshapanda, ndege wamejaa kwenye mpunga wetu wanakula bila hofu, na mimi nimelala fofofo kwenye kibanda cha shambani. Mwanangu, kwetu Mpimbwe hilo si jambo dogo. Mpunga ukianza kukomaa, anayefukuza ndege hatakiwi kusinzia tangu alfajiri, maana chakula cha nyumba nzima kiko pale.

Lakini sikulala kwa uvivu, na mpaka leo nakataa kuitwa mvivu. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza nilipatwa na sonona. Nilikuwa nalia bila sababu, chakula hakipiti, mtoto akilia namtazama tu kama mtoto wa jirani. Watu wakasema nimerogwa. Daktari wa Mpanda akanipa dawa, na kweli, taratibu nikaanza kumpenda mtoto wangu. Basi mama mkwe akanipangia saa: nimeze alfajiri, peke yangu, kabla watu hawajaamka. Jioni haiwezekani, alisema, kwa sababu jioni tunakula uwanjani na majirani wanapita. Aibu hiyo hakuitaka. Kumbe dawa yenyewe ilikuwa inaleta usingizi mzito, na mimi nikishaimeza tu nashika njia ya shambani!

Siku ile akaniambia, "Chagua. Utupe hivyo vidonge, au urudi kwenu, mtoto umwache hapa."

"Situpi, mama. Na mtoto simwachi," nikamjibu.

Nikapanda lori kwenda Mpanda kwa daktari, mtoto mgongoni. Hakunigombeza. Aliuliza nameza saa ngapi, kisha akasema, "Hii inakulaza. Hamishia jioni, baada ya chakula, na iwe saa hiyohiyo kila siku. Usiiache ghafla."

Niliporudi, kesho yake jioni tukakaa uwanjani, shemeji zangu wote wapo, na jirani mmoja kapita kuazima jembe. Nilipomaliza ugali nikatoa kidonge hadharani, nikachota maji, nikameza. Mume wangu alikodolea macho tonge lake kana kwamba ndiyo analiona leo. Nikawaambia, "Ni dawa ya sonona. Nitaimeza hapa kila jioni. Anayeona aibu ageukie upande wa pili."

Mama mkwe hakunisemesha mpaka tulipovuna. Lakini tulivuna, maana kuanzia hapo ndege walinikuta macho. Hakuniomba radhi hadi anafariki, na mimi sikumwomba. Mtoto nilimlea mwenyewe.

Sasa nasikia wewe unameza ya kwako chooni, na wageni wakiwepo unaruka siku. Unaruka kwa ajili ya nani? Nimekasirika, sikufichi. Dawa hizi hazifanani, na miili haifanani. Rafiki yangu muuza vitenge pale Mpanda mjini, ya kwake inamnyima usingizi, kwa hiyo anameza asubuhi na chai. Ramadhani ikikaribia anawahi kwa daktari wapange upya. Wewe mwambie daktari ukweli wote: inakulaza au inakukesha, unaamka saa ngapi, kazi yako ni ipi. Saa mtakayokubaliana ishike. Usihamishe wala kuacha kwa kichwa chako, na usimpe jirani nafasi ya kukupangia. Wanaokucheka hawatakuja kukuuguza.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe usiku wa kulala na asubuhi ya kutamani kuamka, na akutie ukaidi wa kutosha kumeza dawa yako mbele ya watu.