Mchuzi wa Mama Upawa

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kuvaa koti lake jeupe, Daktari wa meno alisimama mbele ya tangi la samaki wa baharini kwenye chumba cha kungojea, akatikisa kichwa.

"Mama Upawa, nimevumilia vya kutosha. Maji yamekuwa kama chai ya rangi, na yule wa manjano anakonda. Wagonjwa wanakuja hapa na maumivu yao, mimi niwaongezee msiba wa samaki? Kuna hoteli inalitaka hili tangi. Jumamosi wanakuja kulichukua."

Mama Upawa alikuwa na ufagio mkononi. Akaukaza mkononi kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Jumamosi hii?"

"Hii hii. Labda nikute maji yanang'aa na huyo anakula. Hapo nitabadili mawazo."

Jina la Mama Upawa alilipatia jikoni. Kwa miaka ishirini na sita alipika katika shule ya bweni, na upawa haukumtoka mkononi hata alipokuwa akigomba. Aligomba kwa kuunyooshea. Mwanafunzi aliyerudi kuomba tena hakuulizwa amekula mara ngapi. Aliulizwa sahani yake iko wapi. Magoti yalipogoma kusimama mbele ya masufuria, wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni mpokezi wa wagonjwa pale kwa Daktari, akamtafutia kazi ya usafi. Akaja, akafagia, akainua macho, akaliona tangi. Siku hiyo alisahau kupiga deki ukumbi wote.

Ndani yake waliishi watatu. Wawili wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, waliotembea ubavu kwa ubavu mchana kutwa: hao akawaita Maharusi. Wa tatu alikuwa wa manjano, bapa kama kisahani, mdomo mbele kama anataka kupiga mluzi. Huyo alijificha nyuma ya jiwe na hakula mbele za watu. Akamwita Shemeji, kwa vile alijifanya kama mtu aliyekwenda ukweni, anayesema ameshiba ilhali tumbo linanguruma.

Sasa, Mama Upawa alikuwa na desturi yake tangu jikoni. Wapishi wengine huonja chungu. Yeye alisoma ndoo ya mabaki. Kila baada ya mlo aliichungulia. Kabeji imerudi nyingi? Imeiva kupita kiasi. Maharage yamerudi? Mawe yamo. Ndoo ikiwa tupu, alilala usingizi mzuri. Alipokabidhiwa tangi akafanya vilevile: alikunja tambara chini ya magoti yake mabovu, akamulika mchanga kwa tochi, akatazama kilichobaki. Chakula cha kopo walichokuwa wakipewa samaki kilikuwa vipande vikavu, vyepesi kama mba. Robo kililiwa, kilichosalia kilizama kikaoza. "Hiki si chakula, ni vumbi lenye picha ya samaki," alisema, akalitupa kopo. Akaenda kwa wauza samaki, akanunua kamba wabichi, kipande cha ngisi, na mnofu mweupe wa samaki usiotiwa chumvi. Akakatakata vipande vidogo kama kichwa cha kiberiti, akavigandisha kwenye trei ya barafu, ndani ya friji ya wafanyakazi, juu kidogo ya chakula cha mchana cha wifi yake.

Maharusi walikula hadi wakagongana vichwa. Mchanga ukabaki mweupe. Ndoo, kwa namna ya kusema, ilikuwa tupu. Lakini maji yakazidi kuiva rangi, na kioo kikaota utelezi wa kahawia uliorudi kila alipoufuta. Hilo ndilo lililomnyima raha: ndoo haijapata kumdanganya maishani mwake.

Jumanne asubuhi alisimama kwenye jiko dogo la wafanyakazi, pale penye sinki na birika, akingoja kipande cha barafu kiyeyuke kikombeni. Wifi yake akaingia kujitengenezea chai.

"Wifi, hicho kikombe nakijua. Nikikinywea kwa bahati mbaya nitaota magamba."

"Utaota akili, wifi. Wanaokula hiki wana macho mazuri kuliko wewe na miwani yako."

Akachukua kikombe, akaenda nacho tangini, akakimimina chote: nyama, kisha yale maji ya maziwamaziwa yaliyotoka kwenye nyama, mpaka tone la mwisho. Akakigonga kikombe ukingoni, tap, tap, kama alivyougonga upawa kwa miaka ishirini na sita. Wifi yake akamfuata na chai yake mkononi.

"Na supu unawatilia?"

"Nimwage mchuzi? Mimi? Utamu wote umo humo."

"Utamu wa nani? Wana vijiko?"

Mama Upawa akafungua kinywa ili ajibu. Akalitazama tangi, akakitazama kikombe, akalitazama tangi tena. Maharusi walikuwa wakidaka nyama. Mchuzi hakuudaka mtu. Ulikuwa umetanda kama moshi, ukapita kwenye mawe, ukapotea.

"Wifi," alisema polepole, "hawa wanaishi ndani ya bakuli."

"Ndiyo, na mimi naishi ghorofa ya pili. Kwa nini umeng'ang'ania mkono wangu? Chai inamwagika!"

"Wanaishi ndani ya bakuli, na mimi kila siku nawamwagia mchuzi juu ya pumzi zao! Mabaki hayaanguki chini, wifi. Yanayeyuka! Nimekuwa nikisoma ndoo isiyo na maandishi!"

Magoti yakasahau ubovu wao. Akakimbilia kabati, akatoa visanduku vya kupimia maji alivyoviacha fundi wa pampu, ambavyo hakuna aliyewahi kuvifungua. Akachota maji mapya ya chumvi katika glasi mbili. Moja akaiacha kama ilivyo. Ya pili akaitilia kijiko kimoja cha mchuzi wa kamba. Akadondosha dawa ya kupimia katika kila glasi, wakasubiri vichwa vimegusana. Glasi ya kwanza haikubadilika. Ya pili ikageuka taratibu, ikawa bluu, ikawa bluu ya wino, rangi ambayo kisanduku kilisema ni ya maji machafu.

"Ala!" alisema wifi yake. "Wifi, umekuwa daktari."

"Nimekuwa mpishi," alijibu Mama Upawa, macho yakiwaka. "Leo ndiyo nimekuwa."

Kuanzia hapo hakukaa. Chujio la chai la ofisi likapata kazi mpya, na wifi yake akalalamika akanunua jingine. Barafu iliyeyuka ndani ya chujio, nyama ikasuuzwa, mchuzi ukaenda kwenye sinki. Mara ya kwanza alipoumwaga alifumba macho. Vipande alivihesabu kwa ncha ya kijiti, kidogo asubuhi, kidogo saa kumi, na chochote kilichokaa zaidi ya dakika mbili alikitoa. Kila siku alichota ndoo moja ya maji ya zamani, akarudisha ndoo moja ya maji mapya aliyoyatia chumvi tangu jana yake. Alhamisi asubuhi ukuta wa nyuma wa tangi ulionekana. Jioni yake, hata nyufa za jiwe zilihesabika.

Tatizo likabaki Shemeji.

Mama Upawa alimchunguza akamwona akidonoadonoa utelezi wa kioo. Kumbe mtu wa mboga, na yeye anampelekea nyama! Akatafuta mwani mkavu usio na chumvi wala viungo, akakata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakibana kwa kibanio juu kabisa ya kioo, penye mwanga, kila mtu aone. Shemeji alikitazama kwa mbali, akarudi nyuma ya jiwe. Kipande kikalowa, kikaanza kumeguka, kikatolewa bila kuguswa.

Ijumaa saa nne, akiwa amekaa na mwani mkononi, Mama Upawa akawakumbuka wale wanafunzi wageni waliokuwa hawali ukumbini. Hakuwaita hata siku moja. Aliwabebea sahani hadi benchi la pembeni, akaondoka bila kugeuka. Akainuka. Akakibana kipande chini kabisa, kando ya jiwe, kivulini. Kisha akaanza kupiga deki sakafu ambayo alikwisha kuipiga.

Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, mkia wa manjano. Ya tatu, ule mdomo wa mluzi ukatoka, ukagusa, ukarudi, ukagusa tena. Nyofu!

"Anakulaaa!"

Wifi yake akaangusha kalamu na simu kwa pamoja. Dereva mmoja wa lori, shavu limevimba na pamba imemjaa kinywani, akasimama akiuliza "Nani? Nani?" kwa sauti ya mtu anayetafuna sufi. Wote watatu wakaganda mbele ya kioo, na Shemeji, ambaye hakupenda kutazamwa, alikuwa amenogewa asijali tena. Alinyofoa kama anayelipiza wiki nzima. Dereva akacheka, akashika shavu, akaguna kwa maumivu, akacheka tena.

Jumamosi saa tatu watu wawili wa hoteli walifika na madumu matupu. Daktari akatoka, koti limefungwa kifungo kimoja, akasimama mbele ya tangi. Maji yalikuwa hayaonekani. Samaki walionekana wameelea hewani. Shemeji alikuwa nje ya jiwe lake, tumbo limejaa.

"Jamani, samahanini," Daktari aliwaambia watu wa hoteli bila kugeuza kichwa. "Rudini na madumu yenu. Haliondoki."

Wifi yake akampiga Mama Upawa kiwiko cha ubavuni. Mama Upawa hakukihisi.

Daktari akavuta kiti cha wagonjwa, akaketi. Akakiona kikombe kando ya tangi, akanyoosha mkono. "Hebu nipe niwatupie kidogo. Kidogo tu, niwaone wanavyokula."

Mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumnyima mtu akakifunika kikombe kwa kiganja.

"Wameshakula, Daktari. Njoo saa kumi."

Daktari akamtazama, akatazama kiganja, akainuka akaenda kwenye meno yake. Na saa kumi kamili, mlango wa chumba cha matibabu ukafunguka, akatoka, akasimama kando ya tangi na mikono mitupu mbele, kama mwanafunzi aliyekuja na sahani.