Lete Mkono

Mume wangu alikuwa fundi wa bodi za magari hapa Voi, kibanda chake cha mabati kando ya barabara ya kwenda Taveta. Sio injini. Injini aliziogopa. Alisema injini ni tumbo, na yeye si daktari wa tumbo, yeye ni wa ngozi. Gari likigongwa linakuja kwake, likichubuka linakuja kwake. Halafu ikaingia hii fasheni ya watu kutaka gari liwe tupu. Unaletewa gari zima, halina shida, lina ule mkanda wa nikeli kwenye milango, lina maandishi nyuma, lina vipande vya plastiki vya urembo, na mwenyewe anakwambia toa hiyo yote. Toa, ziba matundu, lainisha, piga rangi, mtu akiangalia asijue hapo palikuwa na kitu.

Mimi nilicheka sana. Nikamwambia, sisi mama zetu walitoga masikio wakaweka shanga, hawa wa siku hizi wanatafuta fundi wa kuziba masikio.

"Wacha watoboe, wacha wazibe," akasema. "Sisi tunakula pale pale."

Shule sikwenda. Hii anaandika binti yangu kitinda mimba, mimi nasema tu. Lakini vitu viwili nilizaliwa navyo. Kimoja ni sauti za watu. Nikimsikia mtu mara moja tu, namwiga, namtoa vile alivyo, na pumzi yake, na vile anavyovuta kamasi. Mchungaji wetu namtoa, chifu namtoa, yule mama wa duka aliyetoka bara namtoa, "Mama, hii ngari yako iko njema?", mpaka yeye mwenyewe anashika mbavu. Mume wangu alikuwa akichoka, namtolea mtu mmoja, anacheka, anarudi kazini.

Cha pili ni mkono. Nimechagua maharagwe tangu mtoto, kwenye ungo, nikiwa naongea na naangalia kwingine, na jiwe halinipiti. Yeye alikijua hicho kitu kabla hajanioa. Kazi ya kulainisha gari haiishi kwa macho, macho yanadanganywa na vumbi na jua. Inaisha kwa kiganja. Unaweka kitambaa chembamba juu ya bati, unafumba macho, unapitisha kiganja polepole kwa urefu wa gari, vile unavyompapasa ng'ombe mgeni asikurushie teke. Kukiwa na kilima, kiganja kinakwambia. Kukiwa na bonde, kinakwambia. Mkono wake ulikuwa mzuri, lakini alisema mkono wa fundi unajipendelea, unataka kazi iishe. Kwa hiyo mimi nikileta chai ya saa nne, kabla sijaiweka chini, anasema, "Lete mkono."

Naweka chai. Nafumba macho. Napitisha.

"Kuna kitu?"

"Kuna. Hapa, kama pipi ya mtoto."

Anachukua msasa, anasugua. Napitisha tena.

"Kuna kitu?"

"Hakuna kitu."

Ndipo anakunywa chai. Miaka yote hiyo, hakuna gari lililotoka pale kabla sijasema hakuna kitu. Wenye magari hawakujua. Walimsifu yeye, na mimi nilikuwa nimesimama pale na sufuria, nimenyamaza, najua.

Halafu sukari ikamshika. Ilianza na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Tukaenda hospitali, na daktari, kijana mwembamba anayeongea kama ameweka maji mdomoni, akamwambia, "Mzee, hii sukari inakula hisia. Miguu, vidole. Ujichunge na vitu vya moto." Mimi njiani nikamtoa yule daktari, "Mzee, hii sukari inakula hisia," tukacheka wote wawili mpaka stendi.

Gari la mwisho lilitoka Maungu. Mwenyewe ana gesti kule barabarani, mtu wa makamo, mpole, anaongea polepole na mikono nyuma kama anakagua shamba. Alisema, "Fundi, mimi nataka iwe kama yai. Usiache kitu. Halafu nipigie nyeusi."

Mume wangu akafurahi. Alikuwa amekaa wiki nyingi bila kazi kwa sababu ya ule mguu. Akaniambia nichemshe maji, kwa sababu ile mikanda imeshikwa na gundi na pini. Unaloweka kitambaa kwenye maji ya moto, unakandamiza juu ya mkanda, gundi inalegea, halafu unapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake ukisaga kama msumeno. Nikaleta maji yanatokota. Nikakaa kwenye kigoda naangalia. Akachovya kitambaa, na vidole vyake vikaingia kwenye maji pamoja na kitambaa, vikakaa humo. Akakandamiza mlango. Akachovya tena. Vile anavyotoa mkono, ngozi ya vidole imevimba malengelenge, na yeye anapiga mluzi.

Nikamwambia, "Baba, vidole."

Akaviangalia kama vya mtu mwingine. Akasema, "Ah. Maji yamekuwa moto kidogo."

Akaendelea na mkanda.

Mikanda ikatoka. Nyuma yake kulikuwa na udongo wetu mwekundu umejaa, na rangi ya chini ilikuwa mpya kabisa, kama mkono wa mtu akivua saa. Akachomelea matundu yote, moja moja, akasaga, akapiga puti, ule udongo wa kujazia mabonde. Siku ya kwanza msasa, siku ya pili msasa. Siku ya tatu nilimkuta amekaa chini, mguu mbaya ameunyoosha, jasho linamtoka, na kiganja chake kiko juu ya mlango wa nyuma, kinapita, kinarudi, kinapita, kinarudi. Anatafuta. Nikajua hasikii chochote. Alikuwa kama mtu anayepiga hodi kwa nyumba iliyohamwa.

Akaniona. Akasema, "Lete mkono."

Nikaweka chai. Nikafumba macho. Mlango wa mbele ulikuwa sawa. Mlango wa nyuma, pale palipokuwa na tundu la mwisho, kiganja kikaingia. Bonde. Dogo, kama tumbo la kijiko cha chai, lakini lipo, lipo kabisa.

"Kuna kitu?"

Nilifungua macho nikamwona. Midomo imekauka. Ile bandeji ya mguu imelowa. Nikisema kuna, ataanza upya, puti upya, msasa upya, siku mbili nyingine na ule mguu. Na atajua kwamba yeye amepita hapo siku tatu na hakuona.

Nikasema, "Hakuna kitu."

Akasema, "Kweli?"

Hajawahi kuniuliza kweli. Miaka yote, hajawahi.

"Kweli," nikasema.

Akanywa chai.

Gari likapigwa rangi nyeusi, likang'aa, mwenyewe akaja akalichukua akashukuru sana. Baada ya siku kama nne akarudi. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa na hasira. Aliegesha pale mbele ya kibanda, akasema, "Fundi, samahani, njoo usimame hapa. Angalia ile nguzo ya stima."

Nguzo ilikuwa inaonekana ndani ya mlango kama kwenye kioo. Imenyooka, imenyooka, inafika mlango wa nyuma inapinda goti, halafu inanyooka tena. Ukisogeza kichwa, nguzo inapiga magoti. Rangi nyeusi haifichi mtu.

Mume wangu akaangalia muda mrefu. Akaweka kiganja pale. Akakitoa. Yule wa Maungu akasema, "Si neno, fundi. Nitaenda nayo hivyo hivyo. Wewe pumzika, upone mguu."

Mume wangu akaliacha gari. Akanigeukia mimi.

"Mama, mkono wako ulipita hapa?"

"Ulipita."

"Ulisikia?"

Na hapa ndipo ninapojichukia. Kwa sababu mimi nikibanwa, natoka kwa sauti ya mtu mwingine. Nikaweka maji mdomoni, nikasema kama yule daktari, "Mzee, hii sukari inakula hisia. Hata za mama."

Yule wa Maungu akacheka kidogo. Mume wangu hakucheka.

Akasema, "Sikumuuliza daktari."

Akaingia kibandani, akaanza kupanga vifaa kwenye sanduku. Nyundo, vibao vya msasa, mkebe wa puti akaufunga kwa kuupiga kofi. Lile gari hakukubali liende hivyo, alilipeleka yeye mwenyewe kwa fundi mwingine pale mjini, akasimama mpaka likarekebishwa. Akamwambia mwenye gari, "Kosa ni langu." Kibanda hakukifungua tena. Watu wakasema ni mguu. Mchungaji alisema ni mguu. Mimi najua si mguu.

Hakunifokea hata siku moja, kama unadhani. Tulikaa vizuri. Tulikula kimanga chetu cha mihogo na maharagwe, tulisikiliza redio, nilimtolea watu na mara nyingine akacheka. Lakini nikimpa chai, alikuwa hawezi kujua moto wake kwa vidole, na hakuniuliza mimi. Anamwita huyu anayeandika hapa. "Njoo uniangalizie hii chai." Nimekaa pale pale, kikombe nimemkabidhi mimi, na anamwita mtoto kutoka jikoni. Kidonda nakiosha mimi, asubuhi na jioni, na nikimwambia, "Leo kimekauka," ananiangalia kwa upole, anasema, "Asante, mama," halafu nikitoka kumwaga maji namsikia anauliza, "Wewe, njoo. Kidonda kikoje? Niambie kilivyo."

Na kweli, siku zile nilizosema kimekauka, kilikuwa hakijakauka.

Usilie, wewe, andika.

Nilingoja. Nilijua siku moja atasahau. Mtu akizeeka husahau, si ndivyo wanavyosema? Nilikuwa naacha mikono wazi mapajani makusudi, kama mjinga, nikikaa karibu na kitanda. Hakusahau. Alikwenda asubuhi moja kabla jua halijawa kali, na neno la mwisho alilonipa ni kwamba nifungue dirisha.

Jeneza lilitengenezwa na seremala jirani na kile kibanda, yeye na mume wangu walijuana tangu ujana. Tulikuwa tunampandisha mlimani Sagalla, kwao, kwa baba zake. Siku ya mazishi, asubuhi, nikaenda na huyu binti kuliangalia kabla halijapigwa vanishi. Watu walikuwa wameshakusanyika, gari la kumbeba limeshafika, shemeji yangu yuko kwenye simu na mchungaji, "Ndiyo, mtumishi, tunaondoka sasa hivi, sasa hivi." Na seremala ameshika brashi mkononi.

"Mama, pole sana," akasema. "Nimemtengenezea rafiki yangu vizuri. Nimelainisha mwenyewe."

Nikamwomba kitambaa. Akanipa, hakuelewa. Nikaweka kiganja kwenye kifuniko, nikafumba macho, nikapitisha kwa urefu. Watu wakanipisha. Walidhani nalia kwa mikono, kwa hiyo wakaniacha.

Pale karibu na kifua, mbao mbili zinapokutana, kiganja kikapanda.

Nikasema, "Hapa kuna kitu."

Seremala akapitisha kidole chake. "Mama, hapo hakuna kitu."

"Kipo. Kama punje ya mchele, imelala. Chukua msasa."

Shemeji akaja, akaniinamia sikioni. "Shemeji, tumechelewa. Mchungaji ana mazishi mengine saa nane. Na hiyo inaingia kwenye udongo, nani ataiona?"

Namjua vizuri huyo, sauti yake naiweza kuliko zote, ile ya kukwaruza kama mlango. Ilinijia mdomoni. Nikaimeza.

"Chukua msasa," nikamwambia seremala.

Akaniangalia, akaweka brashi chini, akachukua msasa akasugua. Nikapitisha.

"Bado kuna."

Akasugua tena. Unga wa mbao ukamwagika kwenye viatu vyake vya mazishi. Binti yangu akaja akasimama upande wa pili. Nikapitisha.

"Bado. Kidogo sana, lakini bado."

Nikasikia mtu nyuma anasema taratibu, mama wa watu amechanganyikiwa, mleteeni kiti. Seremala alikuwa ameacha kubishana. Aligeuza msasa upande mpya, akapiga magoti, akasugua kwa urefu, polepole, kama fundi. Halafu akainuka, akapangusa vumbi kwa kiganja, akasogea, akasema, bila mimi kumfundisha:

"Lete mkono, mama."

Nikafumba macho. Nikaanzia kichwani. Nikapita kifuani, nikapita tumboni, magotini, nikafika miguuni, ule mguu. Nikarudi kinyumenyume mpaka kichwani. Sikuharakisha. Redio ya gari lililokuja kumchukua ilikuwa inaimba, mtu akaizima.

"Kuna kitu?" seremala akauliza.

Nikapitisha mara moja zaidi, ili niwe na hakika.

"Hakuna kitu," nikasema.