Jora la Rangi ya Maziwa

Mtaani walimwita Mama Pamba, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka kumi na miwili alikuwa kiwandani akishona mashati yaliyofika mezani yakinuka dawa, hadi ngozi ya viganja ikaanza kubanduka kama karatasi. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mfereji, nao ulivaa rangi ya oda ya wiki: leo buluu, wiki ijayo wekundu. Siku alipoacha kazi aliapa hatagusa tena kitambaa asichojua kilikotoka. Akapanga chumba kimoja chenye dirisha, akaweka cherehani, akaanza kushona nguo za watoto kwa pamba ya wakulima wasiopuliza sumu mashambani, isiyopaushwa wala kutiwa rangi. Wazazi wenye watoto wa ngozi korofi wakaletana. "Nenda kwa Mama Pamba," waliambiana, "yule hababaishi."

Mwaka huu mvua zilikata barabara, na jora la wakulima likachelewa. Angeweza kusema, "Sina, subirini." Maneno mawili tu, yakamshinda. Alikuwa amezoea kuwa mtu asiyekosa. Akaenda sokoni, akaona jora lenye rangi ya maziwa, laini, akaambiwa ni pamba tupu. Alipolilaza mezani, mkasi ndio uliomwambia. Pamba hukwaruza kidogo chini ya makali. Hili liliteleza kimya, kama kitu kinachotoroka. Alisimama, mkasi umeachama. Kisha akaendelea kukata.

Mwezi mmoja baadaye, mchana, wifi yake aliingia na mtoto begani. Alikuwa dada wa mumewe, mwingi wa maneno, aliyejaliwa mtoto akiwa na miaka arobaini, wakati kila mtu alishaacha kuuliza. Mtoto alivishwa soksi mikononi asijikune.

"Hodi, wifi! Unashonea mtaa mzima, kaka yangu anatembea na kiraka matakoni!"

"Kaka yako kila nikimpima, tumbo limehamia kwingine."

Wifi akacheka, akaketi, na kicheko kikamwisha pale pale.

"Nimekuja kwako maana daktari nimeshamchosha. Nimeacha sabuni. Nimeacha mayai, samaki, karanga. Vipele viko pale pale. Nadhani ni maziwa yangu, wifi. Uzee huu nao! Nataka nimwachishe."

Mama Pamba alitazama shingo ya mtoto. Wekundu ulifuata ukosi, hatua kwa hatua, mshono alioushona mwenyewe.

"Usimwachishe."

"Sasa nifanyeje? Nguo ndiyo kitu kimoja nisicho na wasiwasi nacho. Hizo umeshona wewe."

Mama Pamba aliinama kwenye kapu la vipande. Akachomoa uzi wa jora lile, akawasha kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu ya kupeperuka. Uzi huu ulijikunyata, ukanuka plastiki, ukaacha kishanga cheusi, kigumu. Kilipopoa, alikiweka kwenye kiganja cha wifi yake.

"Hiki ndicho nilichomvisha," alisema. "Nilijua. Tangu naanza kukata, nilijua."

Akangoja matusi. Ulimi wa wifi yake ukoo mzima uliuogopa, na siku hiyo angeupokea kama dawa. Lakini wifi alianza kumvua mtoto, kifungo kimoja kimoja. Akamfunga kwenye khanga yake kuukuu, iliyolainika kwa kufuliwa.

"Nimeshinda njaa," alisema polepole. "Nikakaa nauchukia mwili wangu." Kisha: "Umewashonea wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mama zao wanajua?"

"Hapana."

"Basi, fundi, usinililie mimi."

Hakuwahi kumwita fundi. Alilitamka neno kama mteja mgeni, akatoka bila kuaga, nguo ikabaki sakafuni.

Mama Pamba alichukua daftari la vipimo lenye majina ya watoto, akafunga mlango jua likiwa bado kali. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya nesi aliyempelekea wateja wengi kuliko mtu yeyote.

"Karibu, karibu! Mbona hata jasho hujafuta? Pita ndani."

Hakupita.

"Niletee mtoto nimwone shingo," alisema, macho chini. "Halafu nikwambie nilichofanya."