Shuka za Malkia

Nilikuwa mfuaji wa nguo katika nyumba moja ya mtaa wa Abu Hamour, Doha, wakati kiwanja kipya cha ndege bado kinajengwa. Nilipika na kupiga deki pia, lakini najiita mfuaji kwa sababu jambo ninalotaka kulisimulia lilianzia kwenye nguo.

Bwana mwenye nyumba alikuwa mhandisi kutoka Ulaya, mtu mpole, mwenye tabia ya kutoka chumbani watu wakianza kubishana. Mkewe, ambaye mimi nilimwita Madamu, alizaliwa Ufilipino. Walikutana hapohapo Doha, yeye akiwa mapokezi kwenye hoteli. Tukienda dukani pamoja, wanawake wawili, wauzaji walitudhania sote ni wafanyakazi wa ndani, wakatuuliza bosi wetu yuko wapi. Mwanzoni nilicheka. Yeye hakucheka hata mara moja, na baada ya muda nami nikaacha.

Walikuwa na miaka mitano ya ndoa, hawajapata mtoto.

Joto lilipopungua, mama yake bwana alikuja kukaa nasi miezi ya baridi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mrefu, msafi, nywele nyeupe zimekatwa sawasawa. Nilimwita Mama, kwa sababu kwetu Tanga mtu wa umri ule humwiti vinginevyo. Alipenda kukaa jikoni wakati napiga pasi, kikombe cha chai mkononi, akinisimulia habari za wafalme na malkia. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha kumfuata. Nakiri kwamba nilifurahi. Sikuwahi kupata tajiri mwingine aliyevuta kiti akazungumza nami kama mtu mwenye akili zake.

Aliyempenda kuliko wote ni binti mmoja wa Austria aliyeozwa Ufaransa akiwa na miaka kumi na minne. Mpakani, alisema, walimvua kila alichovaa kutoka kwao, mpaka soksi, wakamvisha nguo za Kifaransa. Hata kijibwa chake walimnyang'anya. Kule ikulu alivalishwa kila asubuhi mbele ya watu. Miaka saba ikapita mumewe hajaweza kutimiza mambo ya chumbani, na lawama zote zikamwangukia yeye, mgeni. Mabalozi wakawa wanawahonga watumishi wachungulie shuka zake, wajue kama mwezi ule ameona damu. Siku aliyojifungua mtoto wa kwanza, chumba kilijaa watu, wengine wamepanda juu ya viti ili waone vizuri, na yeye akazimia kwa kukosa hewa. Miaka ya baadaye, watu wa nchi ile walimkata kichwa.

Niliweka pasi pembeni. "Mama, hawakuona haya?"

"Mwili wa malkia haukuwa wake," alinijibu kama anayenisahihishia daftari. "Ulikuwa mali ya nchi." Akanywa chai yake.

Wiki ileile, nikiwa nakunja shuka, aliniuliza, "Hizi za chumbani kwa mwanangu, ukizifua huwa unaona nini?"

Nikamwambia wakati mwingine kuna doa la kahawa.

Akatabasamu. "Naulizia damu."

Ilinipasa kusema sijui. Nikasema, "Wiki iliyopita ilikuwepo." Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu. Nilizoea kumjibu mtu mzima anaponiuliza. Tena alikuwa amenifanyia wema. Lakini kuna sababu ya tatu ninayoionea aibu: nilijiona mtu muhimu. Akatoa kijitabu kwenye mkoba, akaandika tarehe, akakirudisha. Mwezi uliofuata aliuliza tena, na nikajibu tena.

Mwezi wa tatu hakuningoja. Niliingia chumba cha kufulia nikamkuta ameinamia kapu la nguo chafu, mkononi ana koleo la kupakulia saladi. Alikuwa amenyanyua nguo ya ndani ya Madamu. Aliielekeza dirishani kwenye mwanga, akaigeuza upande huu na upande ule, kama mtu anayekagua samaki kabla ya kumnunua. Aliponiona hakushtuka.

"Mwezi huu pia," alisema, akaiachia ikaanguka kapuni. Kisha akaenda jikoni, akalisuuza lile koleo kwa maji matupu na kulitundika mahali pake.

Nililichukua nikaliosha kwa sabuni, nikalichemsha, nikaliosha tena, na mwisho nikalitupa kwenye pipa la nje. Mchana walipolitafuta nilisema limevunjika. Sikuweza kula siku ile. Kila nilipopeleka tonge mdomoni nilisikia harufu ya lile kapu kwenye vidole vyangu, na nikajua harufu ile si ya nguo za Madamu. Ilikuwa yangu, ya miezi miwili niliyojibu.

Ijumaa ya wiki ileile tulikuwa na wageni wa chakula cha mchana, wafanyakazi wenzake bwana na wake zao. Mmoja wa wale wanawake alimuuliza Madamu, kwa nia njema nadhani, kama wanafikiria kupata watoto. Kabla hajajibu, mama mkwe alimjibia.

"Bado tunangoja. Mwezi huu tena hakuna kitu, tumejua Jumanne."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la wali. Madamu hakumtazama mama mkwe wake. Alinitazama mimi. Bwana alijifuta mdomo kwa kitambaa, akatoa simu mfukoni, akainuka kwenda kuipokea ingawa haikuwa imelia.

Wageni walipoondoka Madamu alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Ni wewe uliyemwambia?"

"Miezi miwili ya kwanza, ndiyo, Madamu. Mwezi huu ametazama mwenyewe."

"Ametazama wapi?"

Nikamweleza yote, kapu, dirisha na koleo. Alishika ukingo wa sinki.

"Tumepakulia saladi kwa koleo hilo."

"Hapana. Nililitupa siku ileile, kabla sijapakua."

 Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tatizo si langu. Tulipimwa wote wawili, mwaka wa tatu wa ndoa. Mume wangu anajua. Aliniomba nisimwambie mama yake, nami nikakubali."

Nilimfikiria bwana, yule mtu mpole ambaye mashati yake nilikuwa nikiyapiga pasi kwa uangalifu kuliko ya mtu yeyote. Miaka miwili alikaa mezani, akala, akashiba, huku mkewe analaumiwa, na mwisho kupekuliwa, kwa ajili ya siri yake. Nikaona upole wake ulivyokuwa hasa, na ukanitia kinyaa kuliko lile koleo.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuja jikoni kama kawaida, akavuta kiti.

"Mama," nilimwambia, "sitajibu tena habari za nguo."

Akashangaa kwelikweli. "Nilikuuliza kama mwanamke kwa mwanamke."

"Waliokuwa wanachungulia shuka za yule malkia, wewe unawaonaje?"

Akafikiri kidogo, kimwalimu. "Walikuwa na sababu. Ufalme ulihitaji mrithi."

"Na hapa kuna ufalme gani?"

 Madamu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Akamwita mumewe, naye akaja na begi la kazini begani.

"Mwambie mama yako," Madamu alisema.

"Nachelewa kazini."

"Mwambie, au nitamwambia mimi."

Bwana alisema maneno machache kwa lugha ya kwao. Sikuyaelewa, lakini niliona mama yake akitua kikombe mezani polepole. Nilidhani sasa atamgeukia mkwewe amwombe radhi. Aliinuka, akapita mbele yake kama anapita kabati, akamkumbatia mwanawe. "Maskini mwanangu," alisema kwa Kiingereza, nadhani ili sote tusikie. "Maskini mwanangu. Na huyo daktari, ni wa kuaminika?" Bwana akaegemea bega la mama yake na kufumba macho.

Madamu aliwatazama mpaka walipomaliza. Kisha akapanda juu.

Mama mkwe aliondoka baada ya wiki mbili, kabla ya muda wake, bila kumwomba mtu radhi. Madamu alikaa mpaka joto liliporudi, halafu akarejea kwao, na baadaye nikasikia wameachana. Miezi yote ile aliyobaki hakutia tena hata leso kwenye kapu langu. Alifua mwenyewe bafuni na kuanika chumbani, mlango umefungwa kwa ufunguo.

Nilimwomba msamaha mara mbili. Ya kwanza alinipita akapanda juu. Ya pili, siku chache kabla ya safari yake, alikuwa akikunja nguo za kutia sandukuni, akaniangalia vizuri.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini usinisaidie kukunja."