Harufu ya mafuta ya ngazi

Leo nimenyamaza, na dada yangu amenyang'anywa mutoto.

Yaya Feza, huyo dada yangu mukubwa, amefiwa na bwana, shimo la dhahabu lilimwangukia kule Salamabila. Bado iko mu matanga: amenyolewa, na mpaka matanga ivunjwe hawezi gusa mafuta ya kujipaka. (Munajua namna wazee wanachunga hiyo.)

Lakini mutoto wake, ngozi imekauka mpaka inapasuka. Basi asubuhi nikakaanga mbegu za ngazi, zile kokwa za muchikichi, nikazitwanga, nikachemsha, mafuta meusi yakaanza kupanda juu. Ya mutoto tu.

Nilisahau harufu. Ile harufu haifichiki, inajaza avenyu nzima.

Mama mukwe wa yaya, aliyekuja kwa matanga, akaingia bila hodi.

"Feza! Mwanangu hajaoza mu udongo, weye unajipamba? Juu ya bwana gani?"

"Mama, hapana, sijapaka kitu..."

"Basi pua yangu iko inadanganya?"

Yaya akanitazama. Akangoja niseme.

Mie nikaficha mikono nyuma ya kikwembe, inang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko. Munanijua: mbele ya wakubwa sauti inanikauka, Kifaransa ao Kiswahili, ni moja tu.

Mama mukwe akamunyakua mutoto mikononi mwa yaya. "Huyu ni wa kwetu. Tutamulea siye."

Wameenda na pikipiki, njia ya Wamaza, kwao.

Yaya hajanigombeza. Mafuta yamepoa mu sufuria, hata tone moja halikumufikia mutoto.

Nikienda kule kesho kusema ni mie, watanisikia? Nani atanisindikiza?